Mwano Usio na Mwizi

Nianze kujisifu mapema, maana mbele huko sitapata nafasi. Katika kata nzima ya Nkoma hakuna mtu anayewahi mwano kama mimi, Danford. Nina miaka sitini na kitu, goti la kushoto linalia kama mlango wa ghala la pamba, lakini yowe likipigwa, hao vijana wa suruali za kubana hunikuta nimeshafika, nimeegemea upinde, nawauliza kama walikuwa bado wanachana nywele.

Wewe uliyezaliwa mjini pengine hujui mwano ni nini. Sina kinyongo, nitakufundisha bure. Ni yowe la hatari. Mtu akiibiwa ng'ombe au akivamiwa anatoa sauti ndefu, nyembamba, inayopanda, huku kiganja kikiikatakata mdomoni. Ukiisikia una kazi mbili: kuipokea na kuipiga upya ili kijiji cha mbele nao wasikie, kisha kukimbilia inakotoka. Huulizi kama aliyepiga ni ndugu yako au ni yule mnayegombania naye mpaka wa shamba. Ukibaki nyumbani bila ugonjwa wa kuonekana, wewe na mwizi ni mamoja. Utatozwa mchenya, ndiyo faini ya wazee, mbuzi au ng'ombe, na waliokimbia watamla huyo mnyama huku wewe ukitazama. Na ukipiga mwano wa uongo, mchenya wako ni maksai mzima. Hivyo ndivyo tulivyowamaliza wezi wa mifugo huku kwetu, wakati wenye magari bado wanatafuta dizeli.

Sasa nije kwa shemeji yangu, Mayige Luhende, kaka wa mke wangu Lukresia. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na mimi nimemtania miaka mingi bila likizo. Ni mrefu, mkimya, ana masikio makubwa. Nilikuwa namwambia, "Ng'wana Luhende, Mungu alikupa masikio ya watu wawili akasahau kukupa mdomo wa hata mmoja." Anacheka kwa pua tu, basi. Alikulia hapa hapa, akachunga ng'ombe wa baba yake, akalima pamba, kisha akaenda jeshini. Huko walimpeleka Darfur, Sudan, na kofia ya bluu, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Alipostaafu akarudi Nkoma na usajenti wake, akachukua jembe la kukokotwa na maksai wawili, akaendelea pale alipoachia, kama mtu aliyekwenda kuchota maji.

Wenzake walirudi na redio na mablanketi. Yeye alirudi na rafiki. Sikusema alikuja naye. Alirudi naye kwenye simu. Jina lake Abakari, mwalimu wa shule katika mji wa El Fasher, aliyekuwa mkalimani wa kikosi chao. Jioni kambini walikuwa wakinywa chai nyeusi kama lami, kila mmoja akisimulia kwao. Mayige akamsimulia mwano. Abakari akapenda mno, akataka afundishwe. Wakaenda nyuma ya tangi la maji, wakapiga, wakapiga, mpaka mlinzi wa lango akakoki bunduki.

Siku Mayige anaondoka, Abakari akamuuliza, "Nyinyi mnakwenda. Mimi nikipiga mwano, nani atakuja?"

Na Mayige, mtu asiyependa maneno, siku hiyo akalipata moja. "Wewe piga. Nitausikia."

Neno hilo ndilo lililokuja kumla maksai.

Baadaye kile kikosi kizima kilifungwa, kofia zote za bluu zikarudi makwao, na miaka haikupita mingi vita vikaanza upya. Wanamgambo wakauzingira El Fasher, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia, mji umefungwa kama kuku tengani. Mayige akawa mtu wa simu. Ukimkuta shambani, simu iko kwenye mfuko wa shati imefungwa na nailoni. Ukimkuta kanisani, ndio hivyo hivyo, na mkewe Esteria anamfinya.

"Mwanamke huyo anatuma nini?" nilimuuliza siku moja, kumchokoza.

Akanisikilizisha. Sauti ya mwanamume, Kiarabu, ya mtu aliyechoka. Mayige akanitafsiria, "Anasema wanakula mashudu."

Mashudu! Mimi nacheka na kila kitu, muulize mtu yeyote. Hilo halikunichekesha. Sisi watu wa pamba tunayajua mashudu: ndiyo makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, tunawapa ng'ombe wakati wa kiangazi. Kule ni ya karanga, na wanakula watu, walimu, na watoto wao. Wakiamua kutoka, njiani kuna tuta la udongo limeuzunguka mji mzima, na kwenye tuta kuna wenye bunduki. Wanauliza kabila kwanza. Wa kabila la Abakari wengi wao hawavuki. Hivyo si vita tena, alisema Mayige, vitani huulizi mtu babu yake ni nani; hayo ni mauaji ya kimbari.

Abakari alikuwa na watoto watatu na mama mzee asiyeweza kutembea. Na kila akituma ujumbe, mwisho wake ulikuwa swali lile lile: Mayige, wanakuja? Maana kama wanakuja, nikae na watoto niwangoje. Kama hawaji, afadhali nijaribu kutoka nao usiku.

Hilo ndilo alilotakiwa shemeji yangu alijibu. Ndiyo au hapana. Akafungua redio, na redio ikasema dunia ina wasiwasi mkubwa. Hakujua wasiwasi mkubwa autafsiri kama ndiyo au kama hapana. Akawa anamwandikia, subiri kidogo.

Asubuhi moja ya kampeni za mwaka jana ukaja ujumbe usio na maneno. Esteria ndiye aliyenisimulia, alikuja kwetu hana hata kitambaa kichwani. "Shemeji, ameweka simu sikioni, kikombe kikamdondoka. Njoo umwone ndugu yako."

Nikaenda. Nikasikia kwa masikio yangu haya. Sauti ndefu, nyembamba, inayopanda, na kiganja kikiikatakata mdomoni. Lafudhi ya kigeni kidogo, lakini mwano. Mwano wa kwetu Usukumani, kutoka El Fasher, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Umeusikia?" Mayige akaniuliza.

"Nimeusikia."

"Basi tumeshasikia wawili."

Akavaa koti lake la jeshi. Tukapanda pikipiki hadi Bariadi, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu bado ninafuatilia kwao kisima. Nilimsindikiza kwa kuwa bila mimi angekaa kwenye benchi mpaka aote ukungu. Tukapokelewa na kijana nadhifu, feni inampepea kama bwana harusi.

"Mwadila, bhabha," nikamsalimia Kisukuma kumlainisha.

"Shikamoo wazee wangu. Nawasaidia nini?"

Mayige akaeleza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema sentensi kumi mfululizo. Kijana akasikiliza vizuri tu, siwezi kumsingizia. Kisha akakuna kichwa.

"Mzee, hili liko juu ya mkoa. Hili ni la Wizara."

"Wizara wanasemaje?"

"Wizara inakwenda na msimamo wa Afrika, mzee."

"Na Afrika?"

"Inasikilizia Umoja wa Mataifa."

"Nao?"

"Hao wamekaa, mzee. Wamekaa mara nyingi. Wamelaani."

"Wamelaani," akasema Mayige.

"Vikali," akasema kijana.

Mimi darasa la saba nililikataa kwa hiari yangu, lakini nikamwambia yule msomi, "Mwanangu, mwano umepita vijiji vinne, na kila kijiji kinasema kinachokimbia ni kile cha mbele." Akacheka sana. Akatupa maji ya chupa, moja moja, tukarudi.

Wiki ile ile kukawa na mkutano wa kampeni hapa Nkoma. Mgombea mmoja wa ubunge, naye simtaji, alikuja na magari, muziki na kofia za bure. Mimi nilipata kofia mbili. Ulipofika wakati wa maswali Mayige akasimama, koti la jeshi mwilini, akauliza swali moja: ukifika bungeni, utausemea mji wa El Fasher, watu wanaochinjwa kule, tuliokuwa tunawalinda tukawaacha?

Mgombea akatazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama mbingu.

"Mzee wangu," akasema mgombea, "nakuheshimu kwa utumishi wako. Lakini mimi nimekuja kuzungumzia maji, bei ya pamba na dawa ya wadudu. Sudan ina wenyewe." Watu wakapiga makofi, kwa sababu maji ni maji. Akaona Mayige hajakaa. "Ila tuna utu. Tusimame dakika moja tuwakumbuke."

Tukasimama. Dakika haijafika nusu, kijana wa muziki akadhani mambo yamekwisha, akafungulia ngoma ya kampeni, na akina mama wa mbele wakaanza kukata viuno.

Hapo ndipo Mayige akaweka kiganja mdomoni.

Sijawahi kusikia mwano kama ule. Ulipanda juu ya ile spika. Na wewe unadhani tulifikiri? Mwano haufikiriwi. Wanaume wote wa uwanja ule, waliovaa kofia za bure na waliokosa, waligeuka na kutimua mbio, huyu boma lake, yule mtoni, wakiupiga upya kila upande mpaka vijiji vya mbele vikapokea. Mimi niliongoza kikosi hadi korongoni, mbele ya wote, kama kawaida. Walinzi wa mgombea walikimbia. Dereva wake, kumbe ni Msukuma wa Lalago, aliacha gari linanguruma akachomoka na spana. Alibaki mgombea jukwaani na spika yake, anaimbiwa ahadi zake mwenyewe.

Tulirudi tunahema, hatujaona unyayo wa mwizi. Tukamkuta Mayige amesimama pale pale.

"Mwizi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko El Fasher."

Nilicheka peke yangu, na si kwa muda mrefu.

Wazee wakaita dagashida, baraza la jadi, kwenye uwanja wa mnada, jua la saa nne. Kiongozi wetu wa sungusungu ni mtemi Masalu, mzee mwenye haki, hata mimi amewahi kunitoza mbuzi, nikakosa la kusema. Akasema, "Ng'wana Luhende, umepiga mwano, vijiji vimekimbia. Mzee mmoja kavunjika mkono huko Lalago. Mwizi hakuna. Una neno?"

Mayige akatoa simu, akaipandisha sauti mpaka mwisho, akaiinua juu.

Mwano wa Abakari ukatoka. Mbwa wakanyanyua masikio. Na kule bombani, mbali, mwanamke aliyekuwa anachota maji hakujua kuwa ni simu, akaupokea. Akaupiga upya, vizuri kabisa, na wa nyumba ya pili naye akapokea. Ikabidi vijana watumwe mbio kwenda kuwanyamazisha.

Masalu aliwangoja vijana warudi. Kisha akasema, "Huu ni mwano wa kweli. Aliyeupiga hakudanganya."

"Ndiyo, mtemi."

"Lakini mwano una mwisho wake. Hatukimbilii mahali miguu isipofika."

"Mimi nilifika," akasema Mayige. "Serikali yenu ilinipeleka, na bunduki nikapewa. Nililala kule, nikala kule. Tukaondoka mwizi bado yuko kichakani anatutazama tunavyofunga mabegi."

"Nani aliwaondoa?"

"Waliokaa."

"Na wewe uliambiwa uondoke, ukaondoka."

"Niliambiwa, nikaondoka." Halafu akasema, hata si kwa ukali, "Nimekubali mchenya. Nimewakimbiza bila mwizi. Ila naomba wazee mniambie: asiyekwenda kabisa, yule mwenye ndege na magari na vikao, mchenya wake anatozwa baraza lipi?"

Wazee wetu ni hodari wa mambo ya ng'ombe. Wakanong'onezana, wakarudi na hukumu: Mayige atoe maksai mmoja. Na kuanzia siku ile, mwano wowote mwisho wake ni mto Simiyu. Yaliyo ng'ambo yaachiwe Serikali.

"Na mto ukikauka kama hivi sasa?" nikauliza. Watu wakacheka, baraza likafungwa kwa furaha.

Maksai alichinjwa siku hiyo hiyo, na alikuwa mnono, siwezi kusema uongo. Mayige alikuwa nao wawili tu, wa jozi, wanaokokota jembe. Alikaa pembeni na Esteria, hagusi nyama.

Nikaona nimchangamshe. Nikasimama na pande langu la mbavu mkononi. "Jamani! Huyu rafiki wa shemeji amepiga mwano na hajaitikiwa. Ni aibu. Si tumwitikie? Mayige arekodi, apeleke. Haitupunguzii kitu!"

Wazo likapendwa mno. Mayige akaleta simu, na tukaitikia, wanaume wote, midomo imejaa nyama, mafuta yanachuruzika ndevuni. Mimi sauti yangu ilikuwa juu ya zote. Tulipomaliza watu wakapongezana. "Sasa atafarijika," mmoja akasema, akajikatia kipande cha nundu.

Mayige akaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Esteria ndiye aliyezungumza.

"Nyinyi wanaume. Mtu akiitikia mwano, huwa amesema nini?"

Hata mtoto mchunga mbuzi anajua. Amesema: ninakuja.

"Haya mtumieni," akasema Esteria. "Mwambieni mnakuja. Awaketishe watoto hapo, awangojee. Si ndivyo anavyouliza kila siku? Mjibuni, halafu mmalizie utumbo, unapoa."

Nikatafuta utani, nikaukosa. Mayige akafuta ile sauti yetu. Akaondoka kwenda nyuma ya boma lake, nami nikamfuata, kwa sababu mambo yasiyonihusu huwa yananivuta. Nikamkuta amesimama na yule maksai aliyebaki, simu iko mdomoni, anasema Kiarabu cha kuunga unga, polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake njia.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mwano wake nimeusikia. Na kwamba hakuna anayekuja. Asitungoje. Achukue watoto atoke."

"Shemeji, umemvunja moyo mtu."

"Nimechelewa kumvunja," akasema. "Nilimwambia subiri."

Alama ya kwamba ujumbe umetoka ilionekana. Ya kwamba umefika, siku zile haikuonekana. Kule intaneti ilikuwa ya setilaiti, ya kubahatisha. Asubuhi moja tu ikaonekana, akaja kunionyesha.

Mwishoni mwa Oktoba redio ikatangaza kwamba El Fasher imeanguka. Ikatangaza maiti. Wenye mamlaka wakalaani. Siku chache baadaye ikawa uchaguzi wetu, mtandao ukazimwa nchi nzima, na sisi tukaingia kwenye hofu yetu wenyewe, tukifunga milango, tukijiuliza kama kuna mtu huko nje anatusikia. Mayige alikuwa akiizima simu na kuiwasha, akiizima na kuiwasha. Mgombea akapita. Kisima bado.

Mvua za kwanza zikanyesha. Kila mtu akafunga maksai wake akalima. Mayige alikuwa na mmoja, na maksai mmoja haingii kwenye nira ya wawili. Akashika jembe la mkono, yeye na Esteria, mistari mirefu ya pamba, migongo imepinda. Nilimkuta shambani asubuhi, mtandao umesharudi, amesimama na simu sikioni, tope limemfika magotini. Nikangoja barabarani. Alisikiliza, akarudia tena, akasikiliza.

"Ni nani?" nikauliza.

"Binti yake. Wamevuka tuta, wamefika Tawila. Watoto wote watatu. Walitembea."

"Asifiwe Mungu! Si nilikuambia?" Sikuwa nimemwambia kitu. "Na yeye?"

Mayige akaifunga simu kwenye nailoni, taratibu, akaikunja ncha, akairudisha mfukoni.

"Mama yake hawezi kutembea," akasema. "Alibaki naye."

Akaokota jembe. Esteria hakuinua kichwa. Alikuwa anatangulia mstari wa pili.

Hadi leo wanalima hivyo hivyo, na shamba lao liko kando ya barabara, kwa hiyo sote tuliomla yule maksai tunapita hapo kwenda mnadani. Hatupiti kimya, sisi si watu wa namna hiyo. Tunasimama, tunavua kofia zetu za bure, tunasema, "Pole na kazi, Ng'wana Luhende. Pole sana, mayu Esteria." Kisha tunazivaa tena, tunaendelea na safari.